Kikombe Kikavu cha Mashua ya Shemeji

Watu walimwita Fundi Ngoja, na jina hilo hakulipata bure. Mpelekee redio, mpelekee pasi, mpelekee feni iliyogoma kuzunguka, angeifungua, angechungulia ndani, na neno la kwanza kumtoka lilikuwa hilo hilo: "Ngoja." Ukingoja, ulirudi nyumbani na kitu chako kizima. Ukimharakisha, ulirudishiwa skrubu zako kwenye kifuko cha plastiki, na salamu nyingi kwa familia.

Alikaa kibandani kwake miaka thelathini na mmoja. Lakini watu nao wakabadilika, kitu kikiharibika wanatupa, wananunua kingine. Mwaka jana akafunga kibanda, meza yake ya kazi akaihamishia nyumbani, chini ya dirisha la sebuleni. Mkewe akaitandika kitambaa cha maua, juu yake akaweka picha za wajukuu. Fundi akabaki mtu wa kutengeneza vitu visivyoharibika. Mara mbili mkewe alimkuta ameifungua saa ya ukutani, nayo ilikuwa inakwenda sawasawa, maskini, haijamkosea mtu.

Basi asubuhi moja shemeji yake, yaani mdogo wa kiume wa mkewe, akapiga simu kwamba mashine ya kupima kina kwenye mashua yake imepagawa. Dada mtu hakusubiri kuulizwa.

"Baba watoto anakuja."

"Dada, mimi nataka fundi, sitaki mtu wa kuniambia ningoje!" Sauti ya shemeji huwa haihitaji simu; Fundi aliisikia yote kutoka upande wa pili wa sebule. "Mkaguzi anakuja saa nne. Akininyima kibali, mashua inakaa nchi kavu msimu mzima. Haya, aje. Ila akishindwa namwita yule kijana mwenye kompyuta, na mzee wako asiguse tena kitu changu."

Fundi alijifanya hakusikia. Akaenda kuvaa shati lake la kazi, lile la mifuko minne, ambalo halikuwa limetoka kabatini tangu kibanda kifungwe. Akafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni. Moyoni alijua hesabu yake: leo akishindwa, ufundi umekwisha, amebaki kuwa mzee wa kitambaa cha maua.

Saa mbili walikuwa gatini, yeye, mkewe na chupa ya chai. Mashua yenyewe ilikuwa ya tanga, nyeupe, imesuguliwa ikang'aa hadi inaumiza macho. Shemeji alisimama juu yake, kavaa kofia ya unahodha aliyojinunulia mwenyewe.

"Shemeji! Naona umekuja na miwani miwili."

"Hii ya kuonea nyaya. Hii ya kuangalia kama tumbo lako limepungua." Fundi akaibadilisha miwani, akamtazama. "Bado."

Mashine ilikuwa kioo kidogo kando ya usukani. Kazi yake ni kumwambia nahodha chini ya mashua kuna maji kiasi gani, asije akapanda fungu la mchanga mbele ya macho ya watu. Shemeji akaiwasha. Ikaandika sifuri nukta nne. Ikafikiri. Ikaandika mia moja themanini na nane. Kisha ikaweka vistari vitatu, ikanyamaza.

"Umeona? Mara tumekwama, mara tuko bahari kuu, mara haitaki kuongea na mtu!"

"Ngoja."

"Ndiyo hiyo! Imeanza!"

Fundi akapima betri. Ilikuwa na nguvu zake zote. Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, nzima. Viungo vya waya vilikuwa na ukoko wa kijani, akavikwangua kimoja kimoja mpaka shaba ikacheka. Akawasha. Vistari vitatu.

"Labda kuna samaki mkubwa amelala hapo chini," shemeji akasema.

"Samaki wa mita mia moja themanini na nane?"

"Basi jua. Jua limeipiga kichwani."

"Shemeji, nishikie tochi."

"Mchana wote huu?"

"Nakutafutia kazi ya kufanya."

Juu ya gati, mkewe alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kimya. Mwanamke huyu kwa kawaida angekuwa ameshawapatanisha, ameshawagombanisha, na ameshawapatanisha tena. Fundi hakulitilia maanani. Alifunga nati kubwa kwenye kamba, akaitumbukiza majini ikagusa chini, akaivuta na kuipima: mita tatu na kidogo. Sasa alijua ukweli ni upi, ilibaki kumjua mwongo.

Akaufuata waya kutoka kwenye kioo, ukampeleka mpaka chini ya mbao za sakafu. Huko mwisho wake palikuwa na kidude cheusi, mfano wa kizibo kikubwa, kimekaa ndani ya kikombe cha plastiki kilichogundishwa kwenye tumbo la mashua. Kidude hicho hupiga mlio ambao sikio la mtu halisikii. Mlio unashuka, unagonga chini, unarudi, na mashine inahesabu muda wake njiani. Fundi akakichomoa, akakipitisha dirishani, akakining'iniza majini kwa waya wake wenyewe.

"Nisomee."

"Tatu nukta moja," shemeji akasema. Akakisogelea kioo. "Tatu nukta moja tena!"

"Mashine haina ugonjwa. Ugonjwa uko pale ilipolala."

"Sasa mkaguzi akija nimwambie tunasafiri na kidude kinaning'inia dirishani kama soksi?" Shemeji akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akatoa simu. "Samahani shemeji, namwita kijana."

Fundi alipiga magoti, akainamisha kichwa ndani ya sakafu, akamulika kikombe. Kilikuwa kikavu. Kikavu na kisafi, kinang'aa kama glasi ya mgeni, kinanukia sabuni. Na sabuni hiyo Fundi aliijua. Alilalia harufu yake kila siku, ni ya mashuka yake. Pembeni palikuwa na kitambaa kilichokunjwa pembe nne, ncha kwa ncha. Duniani alimjua mtu mmoja tu anayekunja vitambaa hivyo.

Akapanda gatini. Mkewe alikuwa anatazama ndege kwa bidii.

"Mama watoto, ulikuja lini kwenye mashua hii?"

"Juzi." Akashusha sauti. "Aliniomba nimsafishie. Akasema mkaguzi ana kinyaa, lisibaki hata tone la mafuta. Nikakuta kikombe kimejaa mafuta, nikasema ona huyu mdogo wangu, hata kikombe hawezi kuosha! Nikachomoa kile kizibo, nikaosha, nikarudisha. Nimekuponza?"

Kicheko kilimpanda Fundi, akakigeuza kikohozi. "Hukuniponza. Mlio ule haupiti kwenye hewa, unapita kwenye mafuta. Yako wapi?"

"Nimemwaga. Na chupa ya mafuta ya akiba nimetupa."

Mashua nzima haikuwa na tone la mafuta, agizo lilitekelezwa barabara. Mama watoto akafungua mkoba, akatoa kichupa chake cha mafuta ya kujipaka, ya waridi, akakishika kwa mikono miwili.

"Haya ni ya kutokea."

"Na leo tumetoka."

Akampa. Fundi akamimina polepole sana, mafuta yakitiririka ubavuni mwa kikombe, lisije likaingia hata povu moja. Akakizamisha kidude kwa kukilaza kwanza, kama anayemlaza mtoto. Shemeji, simu sikioni, alitoa macho.

"Unaipaka mashine manukato?"

"Washa."

Tatu nukta moja.

Mkaguzi alifika saa nne kamili, mwembamba, na ubao wa karatasi kifuani. Akasoma kioo, akashusha kamba yake mwenyewe, akalinganisha. Akanusa hewa, akamtazama nahodha kwa mashaka, lakini akatia sahihi.

"Haya," shemeji akasema, "ilikuwa nini?"

"Kikombe kilikauka mafuta."

"Mafuta yakaenda wapi?"

Fundi akaanza kupanga bisibisi zake kwa urefu, moja baada ya nyingine, mbili zikiwa sawasawa. Ni mkewe aliyeinuka kutoka kwenye ndoo yake.

"Nimeyamwaga mimi! Na nani aliniambia lisibaki hata tone?"

Shemeji akavua kofia, akaangalia ndani yake kama aliyeandikiwa jibu humo. Simu ikaita mkononi mwake. Kijana mwenye kompyuta alikuwa anauliza njia.

"Acha tu, mwanangu," shemeji akasema taratibu. "Fundi wangu yupo hapa."

Fundi Ngoja akainama kufunga mkoba wake, maana hakutaka watu waone uso. Mkaguzi hakuondoka. Alisogea karibu, akakohoa.

"Mzee, boti yetu ya ukaguzi nayo ina mashine kama hii. Inatupa vistari vitatu mwezi wa pili sasa. Hatujamwambia mtu."

"Nani huwasafishia boti?"

Mkaguzi akatazama viatu vyake. "Mimi mwenyewe. Kila Jumamosi."

Mama watoto, aliyekuwa ameshakirudisha kichupa chake mkobani, akakitoa tena.