Meza Tuliyoikodi Olaya

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kichwa. Nilikuwa nimekaa hapa hapa kwangu Aziziya, fomu mbili mbele yangu, sijui nitie saini ipi. Moja ilikuwa ya maonyesho makubwa ya Riyadh, ndani ya ukumbi wa hoteli kule Olaya. Ya pili ya soko dogo la akina mama hapa Jeddah, mtaa wa Rawdah, kwenye ua wa skuli, karibu na Ramadhani. Yote mawili wiki moja.

Nakwambia haya kwa sababu jana umekuja na simu imejaa matangazo, unaniuliza mikoba yako ya ukili uipeleke wapi, na nimeona uso wako ulivyokuwa. Uso ule naujua.

Sikuwa msichana wakati ule, nilishaozesha. Lakini katika kazi ile nilikuwa mtoto mchanga. Nilikuwa nimestaafu ukarani, nikaanza kuwasaidia mafundi wa nje kutafuta masoko huku: kuwaandikia Kiarabu, kuwashughulikia vibali, kuwakalimania. Na fundi wangu wa kwanza alikuwa Donatella, mjane wa Kitaliano, mama wa mhandisi mmoja tuliyekaa naye jengo moja. Hakuwa na kiwanda wala msaidizi. Alishona mikoba ya ngozi peke yake, katika chumba cha chini ya nyumba yake kwao Italia, na mkoba mmoja ulimchukua wiki nzima.

Aliniandikia hivi: "Zuhura, nina mikoba thelathini na safari moja tu. Goti langu halitaki ya pili. Nichagulie wewe."

Mtihani huo! Tangazo la Riyadh lilikuwa na filamu, taa za kila rangi, na ahadi ya maelfu ya watu. Lile la Rawdah lilikuwa karatasi moja iliyopigwa picha upande. Halafu mwenye soko lenyewe, Umm Faisal, akanihoji kama polisi: anashona mwenyewe? Ngozi anaitoa wapi? Nitumie picha ya mikono yake akiwa kazini. Mimi nikaona ananidharau. Wa Riyadh hawakuuliza kitu. Jina, malipo, halas, meza yenu hiyo. Nikaona hao ndio wanaotuheshimu.

Mama yangu alikuwa hai bado, Mungu amrehemu. Ndiye aliyetulea kwa sindano ya kofia tangu tulipotoka Unguja. Alikuwa pembeni anashona.

"Hiyo Olaya umekwenda kuitizama?" akaniuliza.

"Nimeona picha, mama."

"Picha!" akasema, akarudi kwenye kofia yake.

Nikatia saini Riyadh.

Tulikaa pale siku tatu. Kushoto kwetu waliuza vifuniko vya simu, kulia mtu ana mikoba ya kiwandani, amelundika mpaka kifuani. Watu walikuwepo, siwezi kusema uongo. Walipita kama mto. Binti mmoja aliushika mkoba wa Donatella, akaniuliza una tofauti gani na ile ya jirani. Nikamweleza yote, mshono, ngozi, uzi. Akanisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda akanunua wa jirani. Donatella alikuwa anashona pale pale mezani, na watu wakampiga picha wakidhani amewekwa kuwa pambo.

Siku ya pili akaniuliza kwa Kiingereza chetu kile cha kubahatisha, "Zuhura, hawa watu wamekuja kununua nini?"

Nilikuwa nimechanganyikiwa hasa. Ubaya uko kwenye mikoba? Kwenye meza? Kwenye Kiarabu changu? Nikabadilisha kitambaa. Nikaandika kibao upya. Mwisho, na hili ndilo linaloniuma zaidi, nikamwambia ashushe bei. Akaitizama mikono yake kidogo, akakubali. Basi tukazidi kuharibu, maana waliokuwa wakisimama sasa walisonya: bei hii, lazima ni ya bandia.

Palikuwa na msichana wa Kenya aliyefagia ukumbi ule, Mercy jina lake. Siku ya tatu alasiri akasimama na fagio lake mbele ya meza.

"Mama, naweza kukuambia ukweli?"

"Sema, mwanangu."

"Hii hall nimefagia miaka tatu. Watu wa hapa hukuja kupiga picha na kupoa AC, wanakula, wanaenda. Huyu shosho, huyu bibi anashona, mngempeleka kwa bazaar za wamama."

"Na mbona hukunambia siku ya kwanza?"

"Hukuniuliza, Mama."

Tulirudi Jeddah na mikoba thelathini, ile ile. Ndege ya Donatella ilikuwa iondoke hapa baada ya siku mbili. Nikamleta nyumbani, nikampikia, na nilipokuwa jikoni mama akanifuata. Hakupandisha sauti, lakini kila neno nililisikia.

"Yule wa Rawdah alikuuliza maswali kwa sababu anawalinda wanunuzi wake wasiuziwe takataka. Wewe ukanuna. Wale wa Riyadh walitaka meza ikaliwe, awe nani awe nani. Na mwenzako umemshushia bei ya mikono yake mbele za watu. Nenda kamtake radhi kabla chakula hakijapoa."

Nikaenda. Nililia, sikufichi. Donatella akanishika bega. "Na mimi nilizipenda zile taa," akasema.

Soko la Rawdah lilikuwa limebakiwa na siku moja. Tulikwenda, si kuuza, kutizama tu. Na nilichokiona ni kwamba wanawake wa pale waliligeuza kila abaya ndani nje, wakipitisha kidole kwenye mshono, wakiulizana nani kashona. Umm Faisal alinikumbuka. "Meza mafi," akasema, yaani hakuna meza, na hakutabasamu. Lakini alimwachia Donatella kiti karibu na mlango. Mama mmoja akamletea mkoba wake mwenyewe uliokatika mkanda. Donatella akautengeneza pale pale, na wanawake wakamzunguka wakitizama sindano inavyokwenda.

Mwaka uliofuata alikuja tena, goti na yote. Umm Faisal alimhoji upya kama hamjui, na safari hii nilijibu kila swali. Donatella alirudi kwao na mikoba minne tu, mingine yote imeuzwa.

Ungedhani basi nilishajua. Wapi! Msimu uliofuatia nikampeleka Rawdah mfinyanzi wa Kitaliano, soko lile lile, akina mama wale wale, na hakuuza. Alileta sahani za kutundika ukutani, wao wanataka vikombe vya kahawa. Nikashika kichwa tena. Na leo nikiletewa fomu mbili bado nababaika, mwanangu, usinione nimekaa hapa na tasbihi ukadhani nina majibu.

Ninalokuusia ni hili. Kubabaika si aibu, ila usitie saini ukiwa umebabaika. Nenda kwanza, mikono mitupu, ukae hapo saa moja uwatizame wanunuzi wanashika nini na wanakishika vipi. Muulize anayefagia, anayelinda mlango, anayeuza chai, maana hao wapo kila siku na hawana sababu ya kukupamba. Mwenye soko akikuhoji sana, mjibu bila kununa. Asiyekuhoji kabisa, mhoji wewe. Na mambo yakienda kombo usikimbilie kushusha bei ya kazi yako, wala usimshushie mwenzako, kabla hujajiuliza kama ni kazi iliyokosea au ni wewe uliyeipeleka pasipo pake. Usisahau kwamba palipomfaa mwenzako huenda pasikufae wewe.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu isiyochoka kwenda kutizama. Akujaalie wanunuzi wanaojua thamani ya ukili uliosukwa vizuri, na aibariki mikono yako leo na uzeeni. Amin.