Kompyuta Tatu Tumboni mwa Moja

Mpangaji wa chumba cha uani kwa Bibi Roda, hapo Tunduma mpakani, ana vidole vyembamba vinavyogonga meza kila anaposubiri, naye husubiri sana. Anasomea mtihani wa cheti cha kompyuta. Kwa kuwa hana mashine za mazoezi, anatafuta programu ya kuzalisha kompyuta tatu za kuigiza tumboni mwa laptopu yake kuukuu. Ya kwanza ilikuwa nzito. Feni iliunguruma kama lori linalopanda mlima Senjele, na Bibi Roda anaapa kuku wake walihamia Zambia bila paspoti. Ya pili ilizaa kompyuta zisizoonana. Mtihani ni kesho, na mchana huu amebakiwa na ya tatu, nyepesi, ya bure.

"Bibi, njoo uone! Zinasalimiana!"

Bibi Roda akainama na kikombe chake cha uji. "Nani kamsalimu nani?"

"Huyu Mama kamwita Erica. Erica kaitika."

Ndiyo majina aliyozipa kompyuta hizo. Simu yake imelala kifudifudi mezani. Tangu ahamie, Bibi Roda hajaisikia ikilia hata kwa bahati mbaya.

"Basi chukua hiyo hiyo, baba. Zisizoitikia salamu za nini?"

Bibi akarudi chumbani kwake, ambako redio ndiyo humwamkia kila asubuhi. Akaketi kitandani, akagonga ukuta unaowatenganisha mara tatu, akasubiri. Upande wa pili, vidole vyembamba vikagonga mara tatu.