Mstari wa Kwanza wa Daftari

Baba alipofariki, hakuna aliyeweza kusema alizaliwa lini. Padri aliuliza kaburini, tukatazamana. Baada ya hapo nilinunua daftari ili niandike ukoo wetu kabla mama naye hajaondoka, maana alikuwa anakohoa. Nilitaka kuanza na mimi mwenyewe, kwa tarehe ya kweli, na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Ofisi ya vizazi na vifo, Mbinga mjini, waliniambia nilete cheti cha ubatizo. Nilikuwa nacho, kile nilichoandikishwa nacho shule, lakini panya walikuwa wamekula upande wenye tarehe. Basi nikapanda mlima kwa miguu hadi Kingerikiti, parokiani, nipate nakala.

Katekista alifungua kitabu kikubwa, akashusha kidole polepole. Kikasimama.

"Jina lako ni hili?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Baba na mama ni hawa?"

"Ndiyo."

"Sema kwa sauti, kijana. Basi wewe tulishakuzika. Tazama."

Pembeni palikuwa na msalaba wa wino mwekundu, tarehe ya kufa, na neno surua. Mtoto wa miaka miwili. Akina mama waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walicheka. Mmoja akasema, "Marehemu, utusalimie wa huko!" Nilicheka nao kidogo, kisha nikatoka.

Mama nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilipomweleza hakushtuka.

"Ni kaka yako," alisema. "Wewe ulipokuja tulikupa jina lake. Baba yako akasema jina lipo, cheti kipo, mto umejaa, tumsumbue padri kwa nini?"

"Kwa hiyo mimi sikubatizwa?"

"Nilikuona wewe ndiye yeye, mwanangu. Nilifikiri amerudi."

Nilimuuliza nilizaliwa lini. Alifikiri sana, mikono yake ikisimama juu ya gunzi. "Tulikuwa tunapalilia," alisema. Mwaka hakuukumbuka.

Nikamuuliza kaka alizikwa wapi. Alinyoosha kidole kwenye shamba la chini. Pale zamani palikuwa na kahawa. Chama cha ushirika kiliposhindwa kutulipa, wakaja wanunuzi binafsi na bei zao, baba aling'oa miti yote kwa hasira, tukapanda mahindi. Nilikuwa darasa la nne. Nilisaidia kukokota mashina.

"Baba alijua kwamba yuko pale?"

"Alichimba kaburi mwenyewe, asijue? Siku ya kung'oa, alipofika mti wa pale kaburini alinitazama. Mimi nikaingia jikoni."

Akaendelea kupukuchua. Mahindi ya shamba lile tumeyala miaka yote.

Nilirudi Mbinga na maneno ya mama. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kalamu mezani. "Kupalilia si tarehe, kijana. Niletee tarehe."

Nilikuwa nayo moja tu, ile ya parokiani. Nilikuwa nimeinakili kwenye karatasi, iko mfukoni. Ningeitaja, labda angeandika. Nilisimama mbele yake mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma, "Sogea basi, ndugu yangu." Nikasogea.

Nyumbani nilifungua daftari. Mstari wa kwanza niliandika jina la kaka, na tarehe zake mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Chini yake niliandika jina lilelile tena, langu. Mbele yake pako wazi mpaka leo. Mama tulimzika mwaka uliofuata, wakati wa kupalilia.