Upanga Walioutia Makali

Sina hakika kama nakumbuka sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la pili la misheni, na mambo nayaandika jinsi yanavyonijia. Lakini upanga wa mume wangu naukumbuka vizuri. Ulikuwa wa zamani kuliko yeye mwenyewe, mpini wa shaba, ala nyeusi. Afisa wake wa Kizungu jeshini aliurithi kwa babu yake. Huko Bama, kwenye vita na Wajapani, mume wangu alimbeba yule afisa mgongoni, risasi zinapita, akamfikisha kwa waganga yu hai. Basi akakabidhiwa upanga ule mbele ya gwaride, na kwenye chuma karibu na mpini walichonga jina lake na maneno ya Kizungu ya kusifu ushujaa.

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa shahidi wake. Kwetu, karibu na Songwa, hapakuwa na mwingine aliyekuwa naye kule, na watu hawakumwamini. Kwenye pombe ya mtama walimchokoza.

"Lete huo upanga tukatie nyama!"

"Haukati," alijibu. "Ni wa heshima."

"Heshima gani haikati hata kamba ya ndama? Huko Bama mlipigana na uji?"

Yeye alicheka nao, ingawa alipofika nyumbani hakula. Kaka yake mkubwa hakucheka kabisa. Shemeji yangu huyo ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Kwa akili yetu sisi, kumpa mtu chuma butu ni kumtukana, na shemeji aliamini kabisa kwamba Wazungu walimpunja mdogo wake.

Mume wangu akiwa kazini Mwadui, kwenye almasi, shemeji alinikuta natwanga.

"Mayu," yaani mama, aliniita kwa heshima, "nipe ule upanga."

"Unaupeleka wapi, shemeji?"

"Kwa wafua chuma, upande wa Geita. Mdogo wangu akirudi, hawa walevi wakome."

Nikampa. Mwenye nyumba asipokuwepo, kaka mkubwa ndiye mwenye nyumba. Kuna siku naona ningeweza kumwambia asubiri, kuna siku naona nisingeweza.

Fundi naye simlaumu. Aliuweka motoni, akaufua, akausugua kwa jiwe toka ncha hadi mpini ili ung'ae wote. Aliletewa chuma, akafanya kazi ya chuma, tena vizuri.

Mume wangu aliporudi likizo, shemeji alichinja mbuzi akaita majirani. Alitundika kamba nene ya ng'ombe, akaipiga mara moja, ikaanguka vipande viwili. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale walevi wakasogea kuutazama. Kisha akampa mdogo wake upanga kwa mikono miwili.

Mume wangu alipitisha kidole gumba karibu na mpini. Pale palipokuwa na jina lake palikuwa laini kama kioo. Nilimwona anarudia mara ya pili, polepole.

"Asante, kaka," akasema. "Sasa umekuwa upanga. Kaa nao wewe."

Shemeji akalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Tulipobaki wawili nilimuuliza, "Hutamwambia?"

"Nimwambie nini? Amelala porini akienda na kurudi kwa ajili yangu."

Tangu hapo shemeji alikwenda nao kwenye kila ngoma, akisimulia yeye mwenyewe habari za Bama. Kila mavuno hadithi iliongezeka. Mume wangu, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuua mtu kwa upanga ule, akawa amefyeka maadui kama mtama. Yule afisa wa mgongoni hakutajwa tena. Na hiyo ndiyo waliyoiamini, wote, hata wale walevi, wakawa wanamwachia mume wangu kigoda akiingia.

Vijana walipomuuliza kama ni kweli, aliwajibu tu, "Muulizeni kaka," akaendelea kunywa.