Kifurushi cha Bibi Rabiga

Zauresh si mwongo. Nalisema hili mapema kwa sababu mtamsikia akidanganya, na sitaki mtu amweke kwenye kundi lisilo lake. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, naitwa Guljan, na nimemjua tangu alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi, mwembamba, hajui hata kuwasha jiko la makaa. Maisha yake yote amewapikia watoto wa shule ya mji wetu, na akirudi nyumbani anampikia mama mkwe. Mume alipokufa, mwingine angefungasha akaenda kukaa kwa watoto wake mjini. Yeye alibaki na mama wa marehemu, Bibi Rabiga, ambaye miguu imekwisha lakini ulimi mzima kuliko wetu sote.

Mwaka ule Zauresh alikuwa anaingia mwaka wa sitini na moja. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na kila baada ya miaka kumi na miwili mtu hurudi kwenye mwaka wa mnyama wa kuzaliwa kwake, na mwaka huo ni wa kujichunga. Hupigi shangwe wala hufanyi karamu. Unatoa sadaka na kutulia mpaka upite. Bibi Rabiga alilishika jambo hilo kama anavyoshika sala zake. Lakini Botagoz, binti wa Zauresh anayefanya kazi jiji la Almaty, hakutaka kusikia habari za mwaka wa mnyama. Alishakata shauri: mama anakuja mjini siku mbili kwa siku yake ya kuzaliwa, watalala hoteli, watapanda mlimani kwa gari la kamba linaloning'inia hewani, na keki itakuwepo. Kaka yake, Yerbol, angekuja kumchukua kwa gari.

Zauresh akaja kwangu kuniuliza bibi aambiwe nini. Nikamjibu aambiwe kweli, akinuna na anune, si mara ya kwanza. Akatikisa kichwa. Alijua atazuiwa, na, hili alilisema huku akiangalia sakafu, alikuwa anataka kwenda. Hajawahi kulala kitanda alichotandikiwa na mtu mwingine tangu aolewe. Basi akaingia ndani akamwambia mama mkwe kwamba anakwenda Almaty kupimwa figo.

Jamani, kati ya maneno yote ya duniani. Bibi Rabiga, ambaye chai ikichelewa kidogo tu mtaa mzima unajua, alinyamaza. Akamshika mkwewe uso kwa mikono miwili, akamwambia aende, asiwe na wasiwasi naye.

Mimi ndiye niliyeachiwa bibi. Gari la Yerbol halijamaliza kona, naagizwa unga. Anataka mikate saba ya kukaanga, ile ya kuombea. Nikamwambia mbona ni kupimwa tu, akanikata jicho na kuniuliza kama mimi ni daktari. Akakaa karibu na jiko akaukanda unga mwenyewe, na ile mikono inavyotetemeka. Mimi nikakaanga, mimi nikagawa. Mmoja aliuzuia akauweka pembeni, sikuuliza. Kila mlango naambiwa nimpe pole Zauresh, na mimi naitikia asante, uso umenichoma kama niliyeshikwa na kuku wa watu. Kufika jioni mtaa mzima ulishamtoa figo zote mbili. Mwenzetu mmoja alileta mafuta ya mkia wa kondoo, eti ya kuchulia kiuno.

Ya Almaty alinisimulia mwenyewe baadaye. Yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Kwenye gari la kamba alipiga kelele, kisha akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Botagoz alimnunulia gauni la buluu, Yerbol akampiga picha kila hatua. "Nilicheka, Guljan," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

Jioni wakakaa mkahawani, meza imejaa nyama, muziki unapigwa, simu yake ikalia. Ni Bibi Rabiga, kanilazimisha nimpigie. Zauresh akakimbilia chooni na simu, akafunga mlango.

"Wamekuchoma sindano?" bibi akamuuliza. "Imeuma?"

Zauresh akajibu kuwa imeuma kidogo tu. Bibi akamwambia asiogope, ameshaombewa. Aliporudi mezani mishumaa ilikuwa imewashwa na watu wanapiga makofi. Akaizima, akala kipande chake cha keki, na anasema hakikuwa na ladha yoyote.

Walipoinuka, Botagoz akaanza kufunga kifurushi: soseji ya nyama ya farasi, mandazi, na vipande viwili vya keki. Hakuambiwa na mtu, ni mkono tu uliozoea. Kwetu, aendaye karamuni humletea aliyebaki nyumbani, na hasa mzee, maana tonge la karamu lina baraka. Miaka yote hiyo Zauresh hajarudi kutoka harusini wala msibani bila kifurushi cha Bibi Rabiga mfukoni. Bibi humngoja, hukifungua mwenyewe, na hataki msaada.

Zauresh akakiangalia kile kifurushi. Akamuuliza binti yake ni hospitali gani inayogawa keki. Akakiacha mezani.

Walirudi kesho yake mchana. Nilimsikia Yerbol akifunga mlango wa gari, na bibi akanisikia mimi nikishusha pumzi. Zauresh aliingia na gauni lake la zamani. La buluu lilikuwa chini kabisa ndani ya mkoba. Hajavua hata viatu, bibi akamwamuru akae kwenye kigoda katikati ya chumba. Kisha akaniambia mimi nimnyanyue yeye mwenyewe.

Nilielewa mara moja. Kwetu mtu ukimpenda sana unamwambia nakuzunguka. Ni neno la kila siku, hata muuza nyama anakuambia. Lakini wazee wanajua lina maana yake: unamzunguka mgonjwa mara tatu, na ugonjwa wake unauomba uje kwako. Bibi Rabiga, asiyekwenda hata mlangoni, alitaka kuzunguka kigoda.

Nikampa bega. Mzunguko wa kwanza tulikwenda unyayo kwa unyayo, yeye ananong'ona, "Mimi nimeshaishi, Mola, nipe mimi." Zauresh akaniangalia. Lililokuwa kinywani halikuwa langu kulisema. Bibi alikuwa anahema. Mzunguko wa pili tulipofika nyuma yake, Zauresh akageuka akamshika yule mzee miguu.

"Mama, simama. Siumwi mimi. Nilikwenda kula. Walinifanyia siku ya kuzaliwa, nikakudanganya."

Bibi alisimama. Nilihisi uzito wake wote ukinijia begani. Nikajua sasa tutasikia, na kusema kweli nilitaka tusikie, tupigwe hayo maneno yaishe.

"Palikuwa na nini?" akauliza.

Zauresh akataja yote, mpaka keki.

"Na mimi umeniletea nini?"

Hapo ndipo mwenzangu alipovunjika. Hakulia alipokuwa anakiri, alilia kwa hilo. Alifungua mikono yake miwili, mitupu.

Bibi Rabiga akaniambia nimkalishe. Aliingiza mkono chini ya mto, akatoa kitambaa kilichofungwa, akakifungua mwenyewe polepole kama kawaida yake. Ulikuwa ule mkate wa saba, umeshakauka pembeni.

"Mimi nilikuwekea," akasema.

Zauresh akaupokea pale pale chini alipokuwa amepiga magoti, akaula wote, na bibi akimwangalia mpaka alipomaliza.