Klara, Zima

Klara aliendesha mashine ya kukamua alizeti kwenye kiwanda kimoja pale Utemini kwa miaka sita, hadi siku mkanda wa mashine ulipokamata mkono wa shati la Festo, mwenzake wa kazi. Festo aliita, "Klara, zima." Klara akazima. Festo alifariki wakiwa njiani kumpeleka hospitali.

Baada ya mazishi, sauti ile ya Festo haikumwacha. Pikipiki ikivuma mtaani, anaisikia. Jirani akiwasha blenda, anaisikia tena, karibu kabisa na sikio la kushoto. Akawa mkali kwa watoto. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa anachambua mlenda. Akimwona Yunisi, mjane wa Festo, sokoni, aligeuza njia.

Mama mkwe alimpeleka kuombewa. Alipata nafuu siku mbili. Daktari naye alimpima moyo, akamwambia ni mzima, kisha akamwelekeza kwa Eliana, mwanasaikolojia. Klara alidhani ameambiwa ni kichaa. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa Eliana, akaondoka. Wiki iliyofuata aliingia.

Eliana alimfundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kupumua taratibu na kutaja vitu anavyoviona chumbani. Kisha, wiki baada ya wiki, alimtaka aisimulie siku ile tangu asubuhi. Kila mara Klara alimalizia kwa kusema alichelewa. Mara ya nne Eliana akamuuliza, "Alipokuita, ulikuwa umesimama wapi?"

Klara akafumba macho. Alikuwa mlangoni, amebeba gunia. Swichi ilikuwa kwenye ukuta wa upande wa pili. Alilitupa gunia akakimbia. Hilo alikuwa hajawahi kulikumbuka. Alilia mpaka muda wao ukaisha.

Sauti haikukoma, ila akaweza kuketi nayo mpaka inyamaze. Akarudi kiwandani, upande wa kufungasha mashudu, makapi ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Na Jumamosi moja akaenda kwa Yunisi.

"Nilikuwa nakungoja, dada," Yunisi alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?"

Klara alimwambia ukweli, kwamba Festo aliomba mashine izimwe, basi. Yunisi akauliza kama mumewe aliumia sana. Klara akasema ndiyo.

Yunisi akammiminia chai. Kisha Yunisi akamwomba arudi Jumamosi nyingine, amsimulie Festo wa siku za kawaida kazini. Klara hurudi. Kuna Jumamosi ambazo wote wawili hunyamaza ghafla katikati ya maneno, kama watu walioitwa.