Mwanafunzi wa Majaribio

Niliacha shule kidato cha pili, mama alipofariki, baba akiwa ametangulia. Mimi ndiye mkubwa kati ya wanne. Wadogo zangu walibaki darasani, mimi nikabaki na matuta ya kabichi mlimani. Sikujuta, na hata leo sijuti. Lakini enzi hizo, nikiteremka mjini kupitia Kilakala na mzigo kichwani, kengele ya shule ikilia, miguu ilipunguza mwendo yenyewe.

Siku hizi nahudumia chai kwenye chuo kikuu hapa Morogoro. Masika iliyopita kamati moja ilikuwa ikikutana kupanga kituo cha chuo kizima, cha kuwasaidia wahadhiri wafundishe vizuri zaidi. Nikikusanya vikombe nilikuwa nakusanya polepole, nipate kusikia.

"Mtu analijua somo lake, sawa," mwenyekiti alisema siku moja. Ni mama wa makamo, sauti yake ya chini. "Kulifundisha, nani aliwahi kumwonyesha?"

Wiki iliyofuata waliamua kujaribu. Mhadhiri kijana angefundisha dakika ishirini, wenzake wamtazame, kisha wamwambie walichoona. Mvua ikawazuia wanafunzi walioitwa. Mwenyekiti akanigeukia.

"Dada, weka hiyo chupa. Leo uwe mwanafunzi wetu."

"Mimi? Mimi si wa chai tu, mama?"

"Chai tumeshakunywa. Kaa."

"Mwalimu jihadhari," mmoja akatania, "huyu akikufelisha hatupati vitumbua."

Nikakaa. Walinipa karatasi na kalamu. Bila kuambiwa na mtu niliandika tarehe juu kulia, nikaipigia mstari kwa ukingo wa kitambulisho changu cha kazi.

Alifundisha jinsi mvua inavyobeba udongo wa mteremkoni. Mwanzoni nilikwenda naye vizuri. Mteremko aliouchora ubaoni niliujua kwa nyayo. Kisha zikaja herufi, moja ikizidishwa kwa nyingine, naye akiongea na ubao. Nikapotea. Alipomaliza akageuka.

"Tumeelewana?"

Kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama wima, mikono nyuma. "Ndiyo, mwalimu!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikacheka. Shuleni kwetu tuliitikia hivyo darasa zima, na waliopotea ndio waliokuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Mwenyekiti hakucheka. "Umeelewa nini, dada?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Zamani, aliyesema hakuelewa alibaki amesimama mpaka kipindi kiishe. Na kiti kile nilikuwa nimekitamani miaka mingi mno. Niliogopa nikisema kweli nitaambiwa basi, rudi kwenye chupa zako. Lakini nikidanganya, nitainuka vilevile nilivyokaa, bila kujua kitu.

"Zile herufi sijaelewa," nikasema. "Mpaka maji kuingia ardhini tulikuwa pamoja, hayo nayaona kwetu mlimani. Halafu mwalimu akatugeuzia mgongo."

Kijana aliitazama kalamu yake ya ubao. "Kumbe nilikuacha pale. Haya, turudi pale. Kwenu mlimani, shamba gani linaondoka na mvua?"

"Refu lisilokatwa na matuta. Na lililopaliliwa likabaki jeupe."

"Urefu." Akaandika herufi. "Udongo kukosa kifuniko." Akaandika nyingine. "Na hayo matuta yako je?"

Akawa anaweka herufi kwenye kila jambo nililomtajia, nami naandika. Nilielewa kabla hajaniuliza. Nilisikia mwili wote umekuwa mwepesi, kama nimetua mzigo. Ndipo mwenyekiti akasema muda umekwisha.

Walijadili nilipopotea na nilipopatikana. Katika mpango wao wakaandika kwamba kituo kitawazoeza wahadhiri kuuliza "umeelewa nini", badala ya "tumeelewana". Mimi nilikuwa bado nimekaa.

"Mama," nikamwambia mwenyekiti, "Alhamisi ijayo nilete chai mapema, nikae tena?"

"Alhamisi wanafunzi wenyewe watakuja, dada." Alisema kwa upole. "Na kituo chenyewe ni cha walimu."

"Haya, mama."

Nikainuka, nikaanza na vikombe vya karibu na dirisha. Mhadhiri kijana alikuwa anafuta ubao. Akasita.

"Dada, zimebaki herufi mbili hatukuzifikia."

"Najua," nikasema. "Nimeziachia nafasi kwenye karatasi."